Silanga yetu hukauka kila Septemba: maji yameshuka kisimani au yamepaa na jua?

"Sisi ni wenye mashamba 34 upande wa Isinya, Kajiado. Miaka mitatu iliyopita tulichangishana tukachimba silanga ya mita 50 kwa 30, kina mita 2, kama mita 150 kutoka kisima chetu kirefu, ambacho kina mita 210. Nia ilikuwa kuvuna maji ya mvua ili ardhi inywe na kisima kisikauke. Mwisho wa Mei silanga huwa imejaa, na mwisho wa Septemba ni tope tu. Mwenyekiti anasema huo ndio ushahidi kwamba maji yanaingia ardhini. Tena fundi wa pampu alipima kisima mwaka jana mwezi Machi akakuta maji yako mita 96 kwenda chini, na mwaka huu mwezi Juni, baada ya stima kupotea siku tatu, akayakuta mita 92. Sasa tunaombwa tuchange tena tuchimbe silanga ya pili. Wengine wanasema jua ndilo linalokunywa maji yetu. Wengine wanataka tupitishe bomba kutoka silanga moja kwa moja hadi ndani ya kisima. Mimi ni mweka hazina na ndiye nitakayeulizwa. Tutajuaje ukweli bila kumwaga pesa nyingi kwa makampuni?"

Mweka hazina wangu, pole. Kushika pesa za watu ni kazi, kushika pesa na maji yao kwa pamoja ni kazi mbili. Unachouliza ni hiki: maji yakitoweka silangani, yamekwenda wapi? Mwenyekiti ana jibu lake, wanaompinga wana lao, na katika miaka mitatu hakuna hata mmoja aliyepima. Kipimo cha kwanza unaweza kukifanya mwenyewe kwa mti wenye alama, pipa lililokatwa katikati na daftari. Lakini kabla ya hapo tuzitazame namba ulizonipa, maana kuna kitu katika barua yako ambacho nilikisoma mara mbili.

"Baada ya stima kupotea siku tatu." Hapo ndipo penye zile mita 4 za mwenyekiti, au sehemu kubwa yake.

Kisima kinachopigwa pampu kila siku hakina maji yaliyotulia. Pampu ikivuta, maji hushuka ndani ya kisima na ardhini kukizunguka, mfano wa faneli. Ikizimwa, hupanda tena: haraka kwa saa za mwanzo, halafu polepole, pengine kwa siku kadhaa. Kama Machi fundi alipima siku ya kazi, saa moja au mbili baada ya kuzima pampu, alipima faneli. Juni alipima kisima kilicholala siku tatu. Ni kama kumpima mtu mapigo ya moyo akitoka kupanda ngazi, kisha kumpima akiamka usingizini, halafu ukasema dawa imefanya kazi. Isitoshe Machi ni mwisho wa kiangazi, kila jirani anavuta kwa nguvu, na Juni watu wana maji ya paa kwenye matangi, kwa hiyo eneo zima limepumzika. Silanga yenu haijahitajika bado katika maelezo haya.

Sisemi haijafanya lolote. Nasema vipimo hivyo viwili haviwezi kuitetea wala kuihukumu.

Sasa kwa hoja ya kukauka. Maji ya silanga yana njia kadhaa za kuondoka: kuvukiza, kunywewa na mifugo, kuchotwa au kuvutwa kwa pampu, kufurika mvua ikizidi, na kuzama. Ya mwisho ndiyo mnayoitafuta, na ndiyo ngumu kuipima moja kwa moja, kwa hiyo hupatikana kwa kutoa zile nyingine zote. Mita 2 katika siku 120 ni wastani wa milimita 17 hivi kwa siku. Kwenye nyanda hizo za Athi na Kajiado, uvukizi kwenye maji yaliyo wazi kwa kawaida huwa kati ya milimita 4 na 7 kwa siku. Juni na Julai mawingu yakitanda hushuka, Septemba upepo ukianza hupanda. Kwa hiyo hata kabla ya kupima, wale wanaosema jua linakunywa kila kitu nao wamekosea. Kuna kitu kingine kinachokula maji yenu. Kinaweza kuwa ardhi. Kinaweza pia kuwa ng'ombe, au mtu mwenye pampu ya petroli.

Nacheka kwa sababu yalinipata. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii nilipima bwawa moja upande wa Machakos kwa wiki mbili, kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mbinu ya usiku ni nzuri: jua likizama uvukizi hupungua sana, kwa hiyo maji yanayoshuka usiku mengi yake ni yale yanayozama. Nikakuta usiku maji yanashuka kuliko mchana! Nikaandika ripoti yenye furaha kwamba bwawa lile linalisha ardhi kwa kasi ya ajabu. Mlinzi mmoja mzee aliisikiliza yote, kisha akaniuliza kwa upole kama niliwahi kuona alama za magurudumu upande wa pili. Lori la maji lilikuwa likija saa nane za usiku, likijaza, likienda kuuza. Tangu siku hiyo kabla ya kushika kipimo chochote nalizunguka bwawa kwa miguu, na nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Basi tupime. Chukua boriti au bomba la chuma lenye urefu wa mita 2 na nusu, lichore alama za kila sentimita kwa rangi isiyotoka na lisimamishwe imara sehemu ya kina wakati silanga ni kavu, yaani mwisho huu wa Septemba. Msingoje ijae, mtoto wa mtu asizame kwa ajili ya takwimu. Mtalisoma mkiwa ukingoni. Pembeni yake, karibu na ukingo, wekeni rula ya chuma ndani ya bomba la plastiki la inchi nne lililotobolewa vitobo vidogo. Maji ndani ya bomba hayachezi kwa upepo, na hapo mnaweza kusoma milimita. Maji yakirudi nyuma, mnaihamisha rula na kuandika siku mliyoihamisha. Someni kila siku saa ileile. Saa moja asubuhi ni nzuri kwa sababu upepo haujaamka.

Uvukizi unapimwa kwa chombo. Vituo vya hali ya hewa hutumia beseni la duara lenye upana wa sentimita 120 hivi na kina cha sentimita 25, likiwa juu ya fremu ya mbao. Ninyi mnaweza kukata pipa la lita 200 likabaki kama beseni, mkaliweka mahali pa wazi karibu na silanga, mkalijaza mpaka sentimita 5 chini ya ukingo, na kila asubuhi mkapima limeshuka kiasi gani. Lifunikeni kwa waya wa kuku. Waya hupunguza uvukizi kidogo, lakini bila waya mbuzi wa jirani alishawahi kunipa uvukizi wa milimita 40 kwa siku moja.

Beseni huvukiza kuliko bwawa, kwa sababu kuta zake hupata joto na maji yake ni machache. Ndiyo maana tunazidisha kwa namba iliyo karibu na 0.7, kutegemea upepo na mahali lilipowekwa inaweza kuwa 0.6 au 0.8. Pipa lenu si beseni rasmi, kwa hiyo msidai usahihi kupita huo.

Chukulia mmepima siku saba mfululizo bila mvua, na maji hayafuriki wala kuingia. Silanga imeshuka milimita 91, yaani 13 kwa siku. Pipa limeshuka 49, yaani 7 kwa siku. Ukizidisha kwa 0.7 unapata karibu 5. Mifugo na mitungi mmehesabu lita 3,000 kwa siku. Uso wa maji siku hizo una ukubwa wa mita za mraba 1,200, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwa hiyo lita 3,000 ni milimita 2 na nusu. Toa: 13, ondoa 5, ondoa 2.5, inabaki 5.5. Hiyo ndiyo inayozama. Mara 1,200 ni lita 6,600 kwa siku, mitungi 330. Ukitumia 0.6 au 0.8 badala ya 0.7, jibu litacheza kati ya milimita 4.9 na 6.3, na hivyo ndivyo utakavyolisoma mbele ya wanachama: kati ya hiki na hiki. Mweka hazina anayesema "kati ya" huaminika kuliko anayetaja namba moja yenye nukta.

Namba hizo ni za mfano, zenu zitakuwa zenu. Ila nakuomba ufanye nazo hesabu moja zaidi, kwa sababu ndiyo itakayoamua mkutano. Lita 6,600 kwa siku 120 ni mita za ujazo 792. Kisima kikivuta mita za ujazo 5 kwa saa, saa nane kwa siku, kinatoa 40 kwa siku. Msimu mzima wa kuzama kwa silanga ni sawa na siku 20 za pampu. Hiyo ni kama kila tone lingefika kisimani, jambo ambalo halitokei.

Rudieni kipimo mara tatu katika msimu: mara baada ya mvua kukatika, katikati na kuelekea mwisho. Udongo mweusi wa pamba, ambao nadhani ndio mlionao, una tabia ya kinyonga. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mvua ya kwanza hukimbilia humo kwa kishindo, na mtu akipima wiki hiyo ataona maajabu. Kisha udongo unavimba, nyufa zinafunga, na silanga inakuwa kama sufuria. Juu ya hapo kila furiko huleta tope laini ambalo hutandaza sakafuni safu nyembamba isiyopitisha maji. Ndiyo sababu mabwawa mengi ya kulisha ardhi hufanya vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, halafu yanachoka. Yakikwanguliwa tope kiangazini baadhi hurudi, lakini hilo linafaa tu pale ambapo chini ya tope kuna kitu kinachopitisha maji. Muulize dereva wa tingatinga aliyechimba: alipofika mita 2 alikuwa bado kwenye udongo mweusi, au alishagusa mwamba uliomeng'enyeka? Jibu lake lina thamani kuliko vifaa vyangu vingi.

Kuna njia ya pili, nzuri ya kuihakiki ya kwanza, nayo ni chumvi. Uvukizi huondoa maji na kuacha chumvi, kama mchuzi unavyozidi chumvi ukiusahau jikoni. Maji yanayozama huondoka na chumvi yake. Chukua chupa moja ya maji mwanzoni na nyingine silanga ikibaki nusu ya ujazo, upeleke maabara ya maji wapime kloridi. Kama mwanzoni ilikuwa miligramu 10 kwa lita na sasa ni 20, maji yote yaliyopotea yamepaa. Kama bado ni 10, karibu yote yamezama au kunywewa. Ikiwa 13, uvukizi ulichukua kama asilimia 38 na zilizobaki zimekwenda njia nyingine, na hilo linalingana kabisa na mfano wetu wa milimita 5 kati ya 13. Kasoro yake: ng'ombe wakiingia majini wanakojoa, na mkojo una chumvi. Zuieni mifugo kuingia, wanyweshwe kwenye birika nje. Mngepaswa kufanya hivyo hata bila kipimo.

Sasa tumefika kwenye fundo lenyewe. Maji kuzama si lazima yafike kwenye kisima chenu. Hapa ndipo vikundi vingi, na miradi yenye mabango makubwa kuliko yenu, huteleza. Yaliyozama kwanza hulowesha udongo mkavu ulio chini. Mengine hunywewa na mizizi ya migunga iliyo ukingoni. Ikiwa miti yenu imestawi mwaka huu, mshajua sehemu ya jibu. Mengine husafiri kwa upande na kutokeza bondeni. Kinachobaki ndicho huenda chini, na safari hiyo inategemea kuna nini kati ya mita 2 na mita 210.

Ardhi ya Nairobi na nyanda zake imepangwa kama keki ya matabaka. Volkano zilimwaga lava, zikatulia, majivu yakaanguka, mashapo, yaani mchanga na tope la maziwa na mito, yakatandazwa, kisha lava nyingine juu. Ile kokoto nyeusi ngumu ya Mlolongo ni fonolaiti, lava iliyoganda; mawe ya Ndarugo mnayojengea nyumba ni majivu ya volkano yaliyoshikana. Visima virefu vingi vya Nairobi na pembezoni yake huvuta kutoka kwenye mashapo ya Athi yaliyo chini ya lava. Maji ya huko, kwa sehemu kubwa, huingia ardhini upande wa magharibi, kwenye miinuko ya ukingo wa Bonde la Ufa, kisha husafiri polepole kuelekea mashariki. Yaani mvua inayolisha kisima cha namna hiyo si ile iliyonyesha juu yake.

Kama kisima chenu ni cha aina hiyo mnaweza kujua bila kuchimba chochote. Fungueni faili. Kisima kilichochimbwa kwa kibali kina ripoti ya kukamilisha, na humo kuna namba mbili: kina ambapo maji yaligongwa, na kina yalipotulia baadaye. Ikisema maji yaligongwa mita 160 yakapanda na kutulia mita 90, basi yalikuwa yamebanwa chini ya tabaka lisilopitisha, kama soda kwenye chupa yenye kizibo. Silanga juu ya kizibo haijazi chupa. Lakini kama yaligongwa mita 92 na kutulia mita 92, tabaka liko wazi kwa juu na mwenyekiti ana nafasi.

Kisima kilichobanwa kina kituko kingine. Huku karibu na ikweta msukumo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kilele kikiwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na maji ya kisima hufuata kinyume chake kwa sentimita chache. Siyo mita 4, lakini inatosha kumchanganya anayetafuta sentimita tano za ushindi.

Kipimo cha kisima chenyewe basi kifanywe hivi. Mpeni fundi siku moja kila wiki, saa ileile ya alfajiri, pampu ikiwa imezimwa tangu jioni kwa idadi ileile ya saa. Atumie waya wenye alama za mita na kengele, ule unaolia ukigusa maji, aushushe ndani ya bomba jembamba la kupimia ili usinase kwenye nyaya za pampu. Aandike pia mita ya pampu imesoma nini. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa, tafuteni kisima kingine cha kina kama hicho, kilometa mbili tatu mbali na silanga, na mwenyewe akubali kipimwe siku hiyohiyo. Vyote viwili vikipanda sawa baada ya masika, ni mvua na mapumziko. Chenu kikipanda na cha jirani kisipande, hapo nitainua sikio.

Hata kikipanda, msikimbilie kuzidisha mita kwa eka. Jaza debe kokoto, kisha mimina maji: hayahitaji kuwa mengi ili debe lijae. Katika mwamba mgumu wenye nyufa nafasi ya maji huenda ni asilimia 1 hadi 3 tu. Maji yakipanda mita 1, kilichoongezeka ni milimita 10 hadi 30. Kwenye mchanga safi mita hiyohiyo ingekuwa milimita 200.

Mkitaka uhakika wa mwisho kabisa, kuna alama ambayo maji yenyewe huibeba. Molekuli za maji hazina uzito mmoja. Chache zina oksijeni au haidrojeni nzito. Jua likivukiza silanga, nyepesi hutangulia na nzito hubaki, kwa hiyo maji ya silanga ya Septemba yana sahihi tofauti na maji ya mvua. Sahihi hiyo ikionekana kisimani, huo ni ushahidi mzito kwamba maji ya silanga yamefika. Isipoonekana baada ya miaka, nayo ni habari. Sampuli ni chupa ndogo iliyojazwa pomoni bila hewa na kufungwa sana. Kipimo hiki kinahitaji maabara maalumu, na tafsiri yake si ya kubahatisha: mtu huhitaji kujua mvua ya eneo ina sahihi gani. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limekuwa likikusanya takwimu hizo duniani tangu miaka ya 1960. Lakini usianzie hapo. Anza na mti na pipa.

Na usidhani ni kazi ya wenye shahada. Nchini India, kwenye majimbo ya Rajasthan na Gujarat, wanakijiji walifundishwa kupima visima vyao na kusoma vipimo vya mabwawa madogo ya kulisha ardhi. Waliitwa bhujal jankaar, yaani mjuzi wa maji ya ardhini, na namba zao ndizo watafiti walizotumia kukadiria mabwawa manne yaliyofuatiliwa yanazamisha kiasi gani. Hao walisoma kila siku, hata siku ambayo hakuna kilichobadilika. Siku msiyosoma, acheni nafasi wazi kwenye daftari. Kujaza namba ya kubuni kwa sababu "haikosi ni kama ya jana" huharibu wiki nzima, na mimi nikilitazama daftari nitaijua.

Kuhusu bomba la kutoka silanga hadi kisimani, naomba uwe mkali. Hapana. Maji ya silanga yana tope, samadi na vijidudu. Mkiyamwaga ndani ya kisima mnaziba nyufa zinazoleta maji na kuchafua chanzo ambacho jirani zenu wanakunywa, na uchafu ukishaingia mita 200 chini hakuna wa kuutoa. Kuingiza maji kisimani kunawezekana, kunafanyika duniani, lakini kwa maji yaliyochujwa na kutibiwa, kwa mchoro wa mtaalamu na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kufanya kienyeji usiku wa Jumamosi kwa bomba la inchi mbili ni kujitafutia kesi na kipindupindu.

Silanga ya pili je? Kwa yale niliyosoma, nisingechanga mwaka huu. Pesa za kuchimba zikae, zitoke kidogo kwa mti, pipa, vipimo vya kloridi na kumpa fundi siku yake ya wiki, kuanzia mvua za vuli hadi mwisho wa Septemba ijayo. Wakati huohuo wanachama wajibu swali ambalo naona hamjaulizana: silanga ni ya nini? Kama ni ya ng'ombe na mboga, mnataka isizamishe, na hapo karatasi zito la plastiki sakafuni na miti ya kukinga upepo ni matumizi mazuri ya pesa kuliko shimo jipya. Kama ni ya kulisha ardhi, mnataka izamishe haraka kabla jua halijachukua lake, na udongo mweusi ni mahali pabaya pa kuiweka. Silanga moja haiwezi kufanya vizuri kazi zote mbili. Mkikuta kwenye eneo lenu mkondo wa msimu wenye mchanga mnene, hapo pana mazungumzo mengine. Wenzenu wa Machakos, Makueni na Kitui hujenga kuta fupi zinazonasa mchanga, maji yakajificha humo jua lisiyapate, na watu wakachota kwenye visima vifupi kando yake. Kisima kifupi kando ya silanga yenu nacho kinaweza kufaidika hata kama kile kirefu hakihisi lolote, ingawa maji yake yatibiwe kabla ya kunywa.

Mwiteni mtaalamu wa jiolojia ya maji aliyesajiliwa, aje akanyage ardhi yenu, mambo haya yakitokea: ripoti ya kisima imepotea au hamwelewi inachosema, kipimo cha wiki kinaonyesha kisima kinashuka mwaka hadi mwaka hata kikipumzika saa zilezile, ladha au rangi ya maji imebadilika, au mmeamua kuchimba matundu ya uchunguzi kati ya silanga na kisima. Matundu hayo, matatu kwenye mstari, tuseme mita 10, 30 na 100 kutoka ukingoni, huonyesha wazi kama maji yanatembea kuelekea kisimani au yamekwama juu ya tabaka fulani, lakini yakichimbwa vibaya yanakuwa mfereji wa uchafu. Akija, pimeni floridi ya kisima pia. Visima virefu vya ukanda huu huwa nayo nyingi, kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya watoto hayangoji mkutano.

Mwenyekiti naye usimkabili kwa barua hii mkononi. Mpe rula. Mwambie yeye ndiye atakayesoma wiki ya kwanza, saa moja asubuhi, na mmoja wa wale wanaompinga asome ya pili.